Barua kwa mwanangu: lile sanduku la spana usilinunue bado

Mpwapwa

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Huku hatujambo, mama yako anakusalimu, na upepo umeshaanza kutujaza vumbi. Picha ya sanduku la spana nimeipata. Nimeikuza nikasoma karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko: vipande 150. Umeniuliza kama bei ni nzuri. Bei haina neno. Sanduku ndilo lenye matatizo.

Hebu vihesabu vile vipande. Safu mbili zote za chini ni vichwa vya bisibisi, vile vidogo vya kuchomeka, na vinafika sitini. Zile soketi ndogo za kushoto, vile vikombe vya kuvisha kwenye nati, ni za inchi, na gari lako, Toyota IST, halina kazi nazo. Kinachobaki cha kukufaa hapo Nzuguni, Dodoma, hakifiki thelathini, na humo ndani soketi ya milimita 21 haimo kabisa. Siku tairi ikipasuka utakuwa na vipande 150 na huna cha kufungulia nati ya tairi.

Anza na gari, duka lifuate. Magari ya Kijapani yana namba chache yanazozipenda, zote za milimita: 8, 10, 12, 14, 17, 19 na 21. Bolti yenye uzi wa unene wa milimita 6 huwa na kichwa cha 10. Uzi wa 8, kichwa 12. Uzi wa 10, kichwa 14. Uzi wa 12, kichwa 17. Ulaya wana mpangilio wao: uzi huohuo wa 8 wanauwekea kichwa cha 13, na wa 10 wanauwekea 16 au 17. Ndiyo maana kwenye Toyota 13 inakaa miaka sandukuni bila kuguswa, na mwenye Volkswagen asipokuwa nayo hafanyi kitu. Kwa gari lako, vifungo vya betri ni 10, bolti ya kumwagia oili ni 14, plagi zinataka soketi ndefu ya 16 yenye mpira au sumaku ndani ya kushikilia plagi isidondoke, na nati za tairi ni 21. Hizo ndizo utakazozishika kila mara.

Sasa geuza soketi uitazame mdomoni. Utaona ama pembe sita ama pembe kumi na mbili. Chukua za sita. Ile ya kumi na mbili inaingia haraka mahali finyu, hilo ni kweli, lakini inaishika nati karibu sana na kona zake. Nati ikiwa na kutu, kona zinaliwa, nati inakuwa duara, na kuanzia hapo kazi ya dakika mbili inataka tindo na nyundo. Ya pembe sita inasukuma ubavu wa nati. Angalia pia unene wa ukuta wake: soketi nene mno haiingii kwenye shimo la rimu, nyembamba mno inapasuka.

Mpini wa soketi unapimwa kwa ule mraba wa kuchomekea. Kuna wa robo inchi, wa 3/8 na wa nusu inchi. Ukiwa na pesa ya mmoja tu, nunua wa 3/8, ndio utakaofanya kazi nyingi za chini ya boneti. Nusu inchi ni wa tairi na bolti kubwa za miguu ya gari. Robo inchi unaweza kukaa bila huo mwaka mzima. Usisahau kirefusho cha sentimita 15 cha 3/8, maana plagi za IST zimezama ndani ya kichwa cha injini na bila kirefusho huzifikii.

Racheti, ule mpini wa soketi unaokamata upande mmoja na kuteleza upande wa pili, ndiyo inayodanganya watu kuliko kifaa kingine chochote, kwa sababu zote zinang'aa sawa na zote zinalia trr-trr. Muulize muuzaji ina meno mangapi. Yenye meno 24 lazima uizungushe digrii 15 ndipo ikamate jino linalofuata; yenye 72 inataka digrii 5 tu. Tofauti hiyo utaiona siku mkono umebanwa kati ya injini na ukuta, na nafasi ya kuchezesha mpini ni upana wa vidole viwili. Halafu ijaribu hapohapo dukani. Shika mpini kwa mkono mmoja, na kwa vidole viwili vya mkono mwingine zungusha ule mraba kurudi nyuma. Uzunguke kwa wepesi, mlio uwe wa kulingana. Ukiwa mzito, basi ukianza kufungua nati iliyokwisha kulegea, racheti itakuwa inairudisha nati ilikotoka kila unaporudisha mkono, na utadhani gari lina jini. Geuza na kile kiswichi cha mbele na nyuma mara kumi. Kikikwama hata mara moja, rudisha.

Kwenda dukani, usiende mikono mitupu. Beba bolti mpya tatu, za kichwa cha 10, 12 na 14, na nati moja ya tairi. Vaa spana kwenye bolti. Inatakiwa iingie bila kulazimishwa, kisha ukiitikisa iwe na mchezo mdogo sana, wa kusikia mkononi zaidi ya kuuona kwa macho. Ukiazima vernia, kile kipimo cha taya cha milimita, mdomo wa spana ya 10 ukisoma 10.1 ni sawa. Ukisoma 10.4, hiyo ni ya kula kona za nati, hata kama imeandikwa jina gani. Tazama pia ncha za mdomo: pande mbili ziwe sambamba, bila vinyuzi vya chuma kilichobaki kiwandani. Spana nzuri kwa nyumbani ni yenye mdomo wazi upande mmoja na ringi upande wa pili, namba ileile. Kulegeza na kukaza kwa mwisho unatumia ringi, mdomo wazi ni wa kuzungushia kilicholegea. Wengi wanafanya kinyume, halafu wanamlaumu mwenye duka.

Utaona maandishi ya Cr-V kwenye karibu kila kitu. Maana yake chuma kimechanganywa kromi na vanadi, basi. Hayakwambii kama kilichomwa na kupozwa inavyotakiwa, na ugumu wa spana unatoka huko. Chuma kilichopozwa vibaya ama kinapinda kama kijiko, ama kinavunjika kama kigae. Ile rangi ya kung'aa ya juu nayo ichunguze: ikiwa na vipele au imeanza kubanduka pembeni, itakuchana vidole. Soketi nyeusi zisizong'aa ni kitu kingine. Hizo ni za kromi na molibdeni, zimetengenezwa kuvumilia mashine ya upepo ya wale wa tairi. Zako za kung'aa usimwazime kijana wa pancha azitie kwenye mashine. Zinaweza kupasuka, na kipande kikiruka kinaruka kama risasi.

Kuhusu chapa nitasema kidogo. Vifaa vya Kichina kama Tolsen, Ingco na Total vimejaa madukani kwetu, na kwa mtu wa kumwaga oili, kubadili plagi na kufungua tairi vinatosha, ilimradi upime kipande kimoja kimoja kama nilivyosema. Gedore ya Ujerumani, Bahco ya Sweden au KTC ya Japani ni chuma cha mtu anayekula kwa spana kila siku. Ukikuta bei yake imekaribiana na ya kawaida, kiangalie mara mbili, maana jina ni rahisi kulichapa kuliko chuma kukipika. Na chochote utakachonunua, dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Bila risiti, habari ya kurudisha ndiyo imeisha ukishavuka mlango.

Nati za tairi za Toyota ndogo kama yako zinakazwa kwa nguvu ya nyutoni-mita 103. Kwa mpini wa sentimita 25 hiyo ni kama kuning'iniza kilo 42 kwenye ncha. Kwa mpini wa sentimita 45 ni kilo 23. Kufungua nati iliyokaa muda mrefu kunataka zaidi ya hapo. Kwa hiyo usiichomeke racheti kwenye bomba kuirefusha. Meno yake ya ndani yanakatika, mkono wako unaenda kwenye bodi ya gari. Nunua mpini mrefu usio na racheti, wa nusu inchi, urefu wa sentimita 45 hadi 60, ndio wa kulegezea. Racheti inakuja baadaye.

Kukaza ni kwa spana ya kupimia nguvu, ile inayolia "tak". Ukiipata inayofika 210, ujue vipimo vyake vinaaminika kuanzia kama sehemu ya tano ya hapo, yaani 42 kwenda juu. Basi ni ya tairi, na bolti ya oili utaikaza kwa spana fupi na washa mpya, kile kipete cha kuzibia. Nati za tairi kaza kwa msalaba, moja kisha ya upande wa pili, nyuzi zikiwa kavu: ukizipaka grisi, bolti inavutwa kuliko namba inavyosema. Ikilia mara moja, acha. Usiongeze "kidogo tu". Ukimaliza irudishe kwenye namba yake ya chini kabisa kabla ya kuiweka, springi isichoke, na kamwe usifungulie nayo nati. Ukishatembea kama kilomita 50, zikague tena.

Bisibisi nunua nne tu, mbili za msalaba, namba 1 na namba 2, na mbili bapa. Chomeka ile namba 2 kwenye skrubu mpya uishike ikiwa imelala. Bisibisi nzuri inabaki imeshika, mbovu inaanguka. Skrubu za Kijapani, hasa za pikipiki, zina msalaba wenye umbo lake, na nyingi zina kinukta kidogo kichwani. Bisibisi ya kawaida inapanda na kuzikwangua. Ukipata iliyoandikwa JIS, yaani kiwango cha Kijapani, chukua.

Plaizi: ya kawaida, ya mdomo mrefu na ya kukatia. Zifunge uziinue kwenye mwanga. Mwanga ukipita katikati ya makali, ziache. Nyundo ya nusu kilo, mpini uwe na nyuzi za mti zinazokwenda na urefu wake. Msumeno wa chuma, wembe wa meno 24 kwa inchi kwa kazi nyingi na 32 kwa bati na mabomba membamba, meno yakitazama mbele. Ile spana ya kurekebisha mdomo, ambayo jina lake la gereji unalijua na mimi siliandiki kwenye barua ya baba kwa binti yake, umbo lake halijabadilika sana tangu Johan Petter Johansson wa Sweden aipatie hataza mwaka 1892. Nunua moja, kwa ajili ya mabomba ya maji. Ukilazimika kuitumia kwenye nati, igeuze ili nguvu iende kwenye taya lisilosogea.

Jeki ni ya kunyanyulia, stendi ndizo za kusimamishia. Chukua jozi ya stendi za tani 2, na ubao mgumu wa kutandika chini, kwa sababu mchanga wa hapo unazama, na Januari mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Tofali la saruji usiliweke chini ya gari unaloingia uvunguni. Linapasuka bila kuaga.

Kutu Dodoma si adui mkubwa kama Dar es Salaam. Vumbi ndilo. Racheti itie tone moja la oili nyepesi, usiijaze grisi. Grisi inashika vumbi, na baada ya upepo wa Agosti ndani kunakuwa na msasa unaosaga meno. Futa kila kifaa kwa kitambaa chenye oili kidogo, weka kwenye sanduku la bati lenye kifuniko, na kila kimoja kipake alama ya rangi, kijani au yoyote. Majirani ni watu wema, lakini spana ikiazimwa mara tatu huwa inabadili kabila.

Hizo laki nne zako zigawe hivi: karibu nusu iende kwenye racheti ya 3/8 na soketi zake, mpini mrefu na soketi ya 21. Zinazobaki ziende kwenye spana za 8 hadi 19, stendi, bisibisi na plaizi. Hiyo ya kupimia nguvu isubiri mwezi ujao. Anzia maduka ya karibu na Soko la Majengo asubuhi, kabla hakujajaa, muuzaji awe na subira ya kukuacha ujaribu. Asiyekuruhusu kuvisha spana kwenye bolti yako, mshukuru uende la pili.

Ukirudi, kabla risiti haijapoa, legeza nati moja ya tairi gari likiwa chini na breki ya mkono imevutwa, kisha uikaze tena. Nipigie picha ya mdomo wa ile soketi ya 21 baada ya hapo, kwa karibu, nione kama pembe zake zimeachia alama.

Na soketi ya 10 nunua mbili.

Mimi baba yako