Chupa moja haimtoshi mtoto mwenye nimonia

Ndugu Mhariri,

Baridi ya Juni na Julai huku Mbeya, Makete na Mufindi huja na foleni ya akina mama wanaouliza "dawa ya kifua" kwenye maduka ya dawa muhimu. Wengi hupewa chupa moja ya amoksilini, antibayotiki ya unga, mililita 100, yenye miligramu 125 kwa kila mililita 5, na kuambiwa kijiko kimoja kutwa mara tatu.

Tupige hesabu. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kilo 10 hadi chini ya 14 mwenye nimonia hupata miligramu 500 asubuhi na 500 jioni, siku tano. Kwa chupa ile ni mililita 20 kila mara, na siku ya tatu asubuhi imekauka. Kijiko kimoja mara tatu ni miligramu 375 tu kwa siku.

Nyumokokasi, kijidudu kinachosababisha nimonia, hukaa puani mwa watoto wengi bila kuwaumiza. Usugu wake kwa amoksilini hautokani na kuivunja dawa. Hubadilisha protini ambazo dawa hujishikiza, mshiko ukalegea. Dozi kubwa mara nyingi hushinda ulegevu huo. Dozi pungufu huua vijidudu dhaifu na kuviachia nafasi vilivyo sugu, navyo huhamia kwa ndugu wanaolala kitanda kimoja. Kwa kuwa haivunji dawa, kuongeza asidi ya klavulaniki kwenye amoksilini hakusaidii kitu kwa nyumokokasi: asidi hiyo huzuia kimeng'enya cha kuvunja dawa, ambacho kijidudu hiki hakina. Mzazi hulipia jina refu.

Kabla ya dawa yoyote, mvue mtoto masweta, atulie, hesabu pumzi kwa dakika nzima. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi chini ya 12, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya nimonia. Chini ya hapo, na kifua hakibonyei anapovuta pumzi, ni mafua. Antibayotiki haina kazi. Asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu au aliyelegea apelekwe hospitali, si dukani.

Maduka haya ya dawa muhimu yalianzia Ruvuma mwaka 2003. Wenye maduka wa kanda hii waweke mizani, na waagize vidonge vya amoksilini vya miligramu 250 vinavyoyeyuka majini. Dozi nzima ya siku tano ni vidonge 10 kwa mtoto wa kilo 4 hadi chini ya 10, 20 kwa yule wa kilo 10 hadi chini ya 14. Anayeomba nusu dozi asiuziwe.

Wahudumu wa afya na dawa,
Mbeya