Mama, uliuliza hii ni biashara gani

Mama na Baba, na nyinyi wote hapo Umoja, hamjambo? Mimi niko poa huku Hanoi, nakula, nalala. Tuko mbele yenu masaa manne kwa hivyo Mama ukinipigia saa tatu usiku mimi huku ni saa saba na simu imezima, si ati nimewasahau.

Sasa ile swali uliniuliza eapoti mbele ya watu wote, ati mtu anasomea biashara miaka yote hiyo halafu anajilipia tiketi aende kufundisha bure, hiyo ni biashara gani? Kihesabu ni hasara, siwezi kukudanganya. Tiketi ya kupitia Doha, viza, bima, yote imetoka kwa ile harambee yenu na pesa zangu za kuuza mtumba campo, na huku napewa kitanda na lanchi basi.

Na Kiingereza chenyewe hawa watoto hawanihitaji vile nilidhani. Wako na walimu wao na grama wanaijua kuniliko, shida yao ni kufungua mdomo tu. Sisi tunakuja wiki chache, tunaimba, tunapiga picha, tunaenda, halafu anakuja mwingine anaanza tena na rangi na wanyama, yaani hii darasa imefundishwa "blue" na kila bara. Mnakumbuka wale wazungu walikua wanakuja primary yetu Juni Julai? Tunawaimbia, wanalia, wanapanda gari. Peremende tulipenda lakini hakuna siku nilisikia wakiuliza mwalimu wetu wa hesabu anataka asaidiwe na nini. Sasa mimi ndio mzungu, haki nilicheka peke yangu stafurumu.

So nikaamua kuuliza. Ticha mwenye darasa akaniambia anataka watoto waongee mambo ya pesa na soko, juu wengi wao wazazi wanauza vitu. Hapo nikajua nimefika kwetu.

Tulianza na noti. Shilingi yetu moja ni kama dong 200 hivi na noti yao kubwa ni ya 500,000, kwa hivyo chapo ya bob 20 ni dong 4,000, wakashangaa vile tunakula bei rahisi, nikawaambia ngojeni kwanza mskie rent ya Nairobi. Halafu M-Pesa. Huku hata mama wa mboga kwa baiskeli ana karatasi ya QR, unaskani tu pesa inatoka benki, kwa hivyo walidhani nitawaambia sisi bado ni sarafu. Nikawaambia yetu ilianza 2007, na kabambe ya vitufe, bila intaneti, na benki yenyewe ni mtu amekaa kwa kibanda. Kijana mmoja wa nyuma, huyo huwa haongei kabisa, akainua mkono: na huyo mtu wa kibanda akiishiwa na pesa je? Jameni, si hiyo ndio stori ya floti (ile pesa ya wakala iko kwa simu) na keshi, watu wanasomea campo! Tukaacha somo nililokua nimepanga, tukageuza madawati yakawa maduka ya M-Pesa, mmoja akienda kutoa anaambiwa hakuna keshi, anagombana kwa Kiingereza, hadi kengele ikalia na hawataki kutoka.

Guka, hii ni yako. Vietnam ni ya pili duniani kuuza kahawa nje, mbele yao ni Brazil tu, ingawa yao mingi ni robusta si arabika kama ya Nyeri. Na wanaikunywa wenyewe, kwa vile viti vidogo vya plastiki kando ya barabara, na maziwa mazito ya mkebe. Niliambia darasa babu yangu amelima kahawa maisha yake yote na kila asubuhi anakunywa chai, nikawapa kazi wamwandikie waeleze kwa nini ajaribu. Msichana mmoja ameandika sentensi moja, ati juu ni yako. Nitakuletea hiyo karatasi.

Haya masomo yote nayaandika kwa daftari, nikienda inabaki kwa ticha, yule mwingine akikuja asianze na rangi.

Mama, kumbe hata chama wanazo. Hapa Hanoi wanaita họ, mnachanga kila mwezi mmoja anabeba, na mamake ticha yuko kwa moja. Na za watu kutoroka na pesa pia wanazo, kanuni ya serikali ya 2019 inasema lazima msimamizi aweke daftari. Sasa wewe kama mweka hazina naomba unipige picha ukurasa mmoja wa daftari yenu, funika majina na namba za simu, nataka watoto watafute nani hajalipa. Naihitaji kabla ya Alhamisi. Na tafadhali usichague ule ukurasa wa Anti, juu hata ukifunika jina watamjua.