"Sawa, asante" si jibu la barua ya ajira

Mhariri,

Vijana wengi hapa Nairobi wakitumiwa barua ya ajira hujibu papo hapo kwa simu: "Sawa, asante sana." Haitoshi. Jibu liandikwe, litaje cheo, mshahara na tarehe ya kuanza kazi, maana hayo ndiyo yatakayoshikwa mkizozana.

Kwanza uliza kama mshahara ni wa kabla ya makato. Katika shilingi 60,000, bima ya afya ya jamii huchukua asilimia 2.75, yaani 1,650, na ushuru wa nyumba asilimia 1.5, yaani 900. Bado NSSF na kodi ya mapato! Nyongeza iombwe sasa. Ukishatia sahihi umechelewa.

Muda wa majaribio, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, usizidi miezi 6, wala hauongezwi bila ridhaa yako.

Tafadhali, usiache kazi ya zamani kwa ahadi ya mdomo. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya angalau siku 28, basi tarehe ya kuanza ihesabiwe kutoka hapo.

Unakataa? Sentensi mbili za heshima, mapema. Kuna mwenzako anayesubiri nafasi hiyo.

Msomaji wenu,
Nairobi