Risala ya wanakikundi wazungumzao Kiswahili wa Butetown, Cardiff, kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa mlioko meza kuu,
Viongozi wetu wa dini,
Wazee wetu, mama zetu, majirani na watoto,
Itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo tukiwa wazima, na kwa kuizuia mvua tangu asubuhi, jambo ambalo mwenyeji yeyote wa Cardiff atakubali kuwa si dogo. Pili tunakushukuru wewe kwa kukubali mwaliko wetu na, zaidi ya hapo, kwa kuja mwenyewe. Mwaka jana tuliletewa mwakilishi. Alikuwa kijana mwenye adabu sana, aliandika kila tulichosema, akala vizuri, akaahidi kufikisha salamu. Tunaamini salamu zilifika.

Tafsiri ya Kiingereza ya risala hii iko mbele yako mezani. Ikitokea watu wanacheka na kwenye karatasi yako huoni cha kuchekesha, tunakuomba radhi. Aliyetafsiri ni mtu wa staha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia tutaipitia haraka, kwa kuwa tunajua una shughuli nyingi na pilau likipoa ndani ya jengo hili halipashiki tena. Mtaa huu ulizaliwa na gati. Gati la kwanza la Bute lilifunguliwa mwaka 1839, na kufikia mwaka 1913 bandari ya Cardiff ilikuwa ikisafirisha zaidi ya tani milioni 10 za makaa ya mawe kwa mwaka. Mabaharia wa Kisomali, wa Yemen, wa Afrika Magharibi na wa visiwa vya Karibi wakatia nanga hapa, wakaoa, wakazaa. Makaa yakaisha soko. Katika miaka ya 1960 nyumba za zamani zikabomolewa. Mwaka 1987 likaundwa shirika la kuendeleza ufukwe, mwaka 1999 ukuta wa kuzuia maji ukakamilika, na mwaka 2006 likafunguliwa jengo la Senedd, yaani Bunge la Wales, zuri sana, lenye vioo, ambalo ukitoka mlangoni kwetu unalifikia kwa mwendo wa robo saa. Tunalitaja kwa sababu ya ukaribu tu.

Sisi wazungumzao Kiswahili tumekuja mwishoni. Tangu mwaka 2001 wanaoomba hifadhi walipoanza kupangiwa makazi Wales, ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi walishushwa Cardiff, Swansea na Newport. Wakakutana na wauguzi na wanafunzi wa Kenya na Tanzania. Kikundi kikaanzia sebuleni kwa mama mmoja, kwa msiba, kama vikundi vingi vya watu wetu vinavyoanza. Hadi leo mikutano yetu huchelewa kwa sababu ya kubishana kama ni "karai" au "kikaango", lakini ugomvi mkubwa zaidi ya huo hatujawahi kuwa nao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafanikio ni mengi. Darasa la Kiswahili la Jumamosi limekua hadi kuwa na madarasa mawili, la wakubwa na la wadogo, ingawa mwalimu ni yuleyule na chumba ni kilekile. Mradi wa maandazi umepanuka kwa asilimia 100: tulikuwa na karai moja, sasa tunayo mawili. Kwaya yetu imeimba nje ya Wales, yaani Bristol. Watoto wetu wanasoma Kiwelisi shuleni na sasa wanatufundisha sisi, na mtoto mmoja wa miaka tisa ndiye mkalimani wetu rasmi wa barua za shule, cheo ambacho anakichukulia kwa uzito kuliko Katibu anavyochukulia chake. Akina mama watatu wamepata leseni ya udereva. Mmoja alifanya mtihani mara sita, na keki yake mliyoiona pale mlangoni ni ya hiyo leseni, siyo ya sherehe ya leo, ila tumeomba tuiunganishe.

Hayo hatukuyafanya peke yetu. Msikiti wa jirani hutuazima viti, kanisa hutuazima sufuria, shule hutupigia chapa karatasi, na wauguzi wa kituo cha afya huja kutupima presha kila baada ya miezi mitatu. Wenzetu waliotutangulia walijifunza ushirika wa namna hii katika mpango wa Communities First, ulioanzishwa na serikali ya Wales mwaka 2001 kwa ajili ya kata 100 zilizokuwa duni kuliko zote na maeneo mengine madogo. Kila eneo lilitakiwa kuwa na bodi ya ubia ya theluthi tatu: theluthi wakazi, theluthi taasisi za umma, theluthi vyama vya hiari na wafanyabiashara. Theluthi ya wakazi mara nyingi ndiyo iliyopika chai. Lakini ilikuwa theluthi, na ilikuwa na kura. Mama zetu wawili walijifunza kuandika kumbukumbu za vikao pale. Mwaka 2012 mpango ukapangwa upya katika makundi 52, Februari 2017 ikatangazwa kuwa unasitishwa, na Machi 2018 ukafungwa. Waheshimiwa walisema haukupunguza umaskini kwa kiasi kilichotarajiwa. Inawezekana. Sisi tunachokumbuka ni kwamba palikuwa na meza, na sasa hata meza haipo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunaomba utusikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo risala inapoanzia.

Ukumbi huu uliokaa ni wa ofisi yako. Sisi ni wapangaji wa mwezi kwa mwezi. Ukigeuka kushoto utaona mlango wa kijani. Nyuma ya mlango ule kuna boila, yaani mtambo wa kupasha joto ukumbi, na juu ya mlango kuna karatasi iliyoandikwa kwa lugha mbili kwamba boila haifanyi kazi. Kiwelisi hatukukielewa mwanzoni. Watoto ndio waliotusomea: dros dro, yaani kwa muda. Karatasi ile imeshakuwa rangi ya chai ya maziwa. Selotepu tumeibadilisha mara tatu, kwa gharama ya kikundi, na risiti zipo kwa Mweka Hazina.

Baridi ya Cardiff huijui ukiwa ndani ya gari. Januari iliyopita tulifiwa na mama yetu mmoja, na watu walikuja kukaa matanga hapa kwa sababu nyumba yake ina vyumba viwili. Mikeka ilitandikwa, wanawake wakakaa wamejifunika mablanketi juu ya makoti, na mvuke ukawa unatoka midomoni wakati wa kusoma dua. Mzee mmoja aliyetoka Swansea kwa ajili ya msiba alitoa pole, kisha akatoa pole ya pili, akasema hii ni ya ukumbi. Darasa la watoto tulilihamishia jikoni tukawasha majiko yote manne. Tulifanya hivyo Jumamosi mbili, kisha mmoja wa wauguzi akatuonya kuhusu hewa chafu ya gesi, tukaacha. Tangu Novemba hadi Machi watoto wanasoma Kiswahili wakiwa wamevaa glavu. Kuandika kwa glavu kuna namna yake; tumekuwekea daftari moja ulione.

Mwaka 2022 bei ya gesi ilipopaa, Serikali ya Wales ilitoa pauni milioni 1 kwa ajili ya sehemu za watu kwenda kupata joto. Tulipigiwa simu na mtu mwema akituuliza kama ukumbi wetu unaweza kuwa mojawapo. Tulimkaribisha aje aone. Alikuja, hakuvua skafu, akaondoka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mgeni rasmi wetu wa kwanza aliahidi boila kabla ya majani kupukutika. Majani yamepukutika mara nne. Wa pili alisema jambo liko kwa wanasheria. Wa tatu ni yule kijana wa salamu. Hatusemi haya kwa kulaumu. Wote walikuwa watu wazuri na picha zao zimo ukutani. Katibu ametuomba tukiri pia kwamba risala ya mwaka jana ilikuwa ile ya mwaka juzi, tukabadilisha tarehe na jina. Hakuna aliyegundua.

Ndiyo maana mwaka huu tumeandika upya, na tunakuja na jambo ambalo huenda hukulitarajia. Tunakuomba usituahidi boila.

Boila tutainunua wenyewe. Benki tuna pauni 6,140 za maandazi, za michango na za mchezo wa upatu ambao akina mama walikubali kuusimamisha kwa mwaka mzima, na anayejua upatu anajua hilo ni jambo zito. Hazitoshi, lakini si haba. Nyingine ziko kwa wafadhili, katika fedha za bahati nasibu ya taifa na katika mfuko wa Serikali ya Wales wa majengo ya jamii. Tumeshajaza fomu. Kila fomu ina swali moja linalotukwamisha: mkataba wenu wa pango umebakiza miaka mingapi? Sisi huandika ukweli, mwezi mmoja. Fomu hurudi. Tukija ofisini kwako kuomba mkataba mrefu, tunaulizwa: fedha za kukarabati mnazo? Tukienda kwa wenye fedha, wanauliza: mkataba mnao? Mwaka wa tatu huu tunapita njia hiyo, na viatu vyetu vya kuendea ofisi vimeanza kuchoka kuliko vya kuendea kazini.

Ombi letu kwa hiyo ni moja: mkataba wa pango wa miaka 25, kwa kodi tunayoiweza, wenye jukumu la matengenezo kwetu. Jengo linabaki la ofisi yako. Mzigo unakuja kwetu.

Si jambo geni Wales. Mabonde huko juu yamejaa kumbi ambazo wachimba makaa walizijenga kwa senti zilizotoka kwenye mishahara yao. Ule wa Blaenavon ulifunguliwa mwaka 1895 na bado umesimama. Kule Acrefair, karibu na Wrexham, kituo cha michezo cha Plas Madoc kilifungwa Aprili 2014 kwa sababu ya gharama. Wakazi wakaunda taasisi yao, wakakabidhiwa, na Desemba mwaka huohuo watu wakawa wanaogelea. Miezi minane, Mheshimiwa, na wao walikuwa na bwawa zima la kuogelea. Sisi tuna boila.

Aidha, kuna Sheria ya Ustawi wa Vizazi Vijavyo ya mwaka 2015, inayozitaka taasisi za umma hapa Wales zifikirie muda mrefu na zishirikishe wananchi. Tumeisoma. Tumeitafsiri na kuijadili kwa Jumamosi mbili, tukiwa na glavu. Sisi wenyewe hatuoni namna ya kufikiria muda mrefu ndani ya mkataba wa mwezi mmoja, labda ofisi yako itatusaidia hapo.

Rasimu ya mkataba iko kwenye bahasha ya kahawia chini ya karatasi yako ya tafsiri. Iliandaliwa na wakili aliyejitolea bila malipo, isipokuwa maandazi. Hatukuombi utie saini leo mbele ya watu, tusingependa kukuaibisha. Tunakuomba uandike tarehe moja tu, kwa mkono wako, juu ya bahasha: siku ambayo tutakuja ofisini kwako kupata jibu, liwe ndiyo au hapana. Kalamu ipo. Mwenyekiti atasoma tarehe hiyo kwenye kipaza sauti kabla ya chakula, na mtoto wetu mkalimani ataiandika chini ya ile karatasi ya mlango wa kijani.

Kama ilivyo desturi, akina mama watakukabidhi doti ya kanga. Wageni waliotangulia walipewa ya "Karibu Mgeni". Ya mwaka huu waliichagua wenyewe na kamati haikuhusishwa. Jina lake kwenye tafsiri yako limeandikwa "asante". Ukisikia vicheko pale nyuma wakati unavishwa, mtafsiri ataeleza vizuri zaidi faraghani.

Diolch, asante sana, na karibu chakula. Meza imeandaliwa chumba cha pili, upande wa kaskazini. Tunaomba usivue koti.

Tunaomba kuwasilisha.