Yah: Hanesi mliyoniuzia sio ya kupandia mnara

Ndugu meneja mauzo, habari za kazi.

Mimi ni mteja wenu wa Uyole, Mbeya. Mwezi uliopita nilinunua hanesi kwenu, yani ile mikanda ya kujifunga mwilini mtu akipanda juu asidondoke, mzigo ukaja kwa basi, risiti ninayo na picha nimeambatanisha. Nimepiga simu mara tatu, kila anayepokea ananambia hanesi zote ni sawa. Sio sawa, na hili sitaliacha.

Mimi ni mtu wa redio za ridhaa, leseni ninayo ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na antena zangu ziko juu ya mnara wa vyuma wa mita 18 nyuma ya nyumba. Magoti yangu yamechoka kwahiyo siku hizi anayepanda ni kijana wangu, na huku kwetu mvua zikiwepo vyuma vinateleza, alafu ikifika Juni na Julai baridi ya asubuhi vidole vinakufa ganzi. Yote haya nilimweleza dada wa mauzo kabla sijatuma hela, akanihakikishia ni hanesi ya mwili mzima, ndo wanayovaa mafundi wa minara ya simu.

Nafungua mzigo nakuta mkanda wa kiuno na mapaja basi. Hamna mikanda ya mabegani, hamna pete ya mgongoni wala za ubavuni, kuna kitanzi kimoja tu mbele. Hiyo ni ya wapanda miamba. Kwa kazi yake ni nzuri, ila mpanda miamba anafungwa kwenye kamba ndefu inayovutika, akidondoka kamba inapunguza kishindo, wakati sisi mnarani tunajifunga kwa kamba fupi moja kwa moja kwenye chuma. Na kamba mliyoniwekea ni ya kawaida kabisa, haina kile kipande kilichokunjwa kikashonwa ambacho kinafumuka taratibu mtu akianguka, yani akidondoka hata mita moja na nusu kishindo chote kinaishia kwenye kiuno na uti wa mgongo.

Kwa viwango vya Ulaya hanesi ya mwili mzima ya kuzuia kuanguka inaandikwa EN 361, mkanda wa kujishikiza ubavuni ili mikono yote ifanye kazi ni EN 358, kipunguza kishindo EN 355, na za miamba ni EN 12277. Nikatafuta hizo namba, nikakuta lebo imekatwa kwa mkasi, nyuzi zake bado zipo! Sasa nitajuaje imetengenezwa mwaka gani, imeanikwa juani dukani muda gani? Nailoni jua linaila hata kama rangi bado inang'aa. Nani aliikata na kwanini, hilo naomba jibu kwa maandishi.

Kabla kijana hajaigusa nilivaa mwenyewe nikajining'iniza kwenye mparachichi, miguu nusu mita toka chini, begi la spana mgongoni kama tunavyobeba siku zote. Nikapinduka, kichwa kikaenda chini, mke wangu ndo akanidaka. Angekuwa kijana wangu kule juu amezimia, wa kumshusha ni mimi na majirani.

Nataka hela yangu yote na nauli ya mzigo. Nataka pia neno minara litoke kwenye tangazo lenu. Ila kubwa kuliko hela, wapigieni simu wote mliowauzia hii hanesi, namba zao mnazo. Kuna kijana wa Mbalizi anafunga vifaa vya intaneti kwenye nguzo karibu kila siku, kanionyesha yake, ni hii hii na lebo imekatwa vilevile. Mimi nimeshamwambia asiivae, wengine siwajui.

Mkitaka kunibadilishia nitumieni kwanza picha ya lebo inayosomeka, namba na mwaka. Nasubiri mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya hapo risiti na picha nazipeleka Tume ya Ushindani. Hanesi yenu nimeifungia kabatini asije mtu akaiazima.

Mteja wenu,
Uyole, Mbeya