Shukrani kwa Muuguzi Aliyechora Ukoo Wetu

Kwako, dada muuguzi uliyekuwa zamu siku niliyofika Kampala kwa basi la usiku kutoka Arua: sikukuuliza jina, na jambo hilo hunisumbua hadi leo.

Nilikuja kwa sababu ya damu chooni, ambayo nyumbani tuliiita bawasiri, kama tulivyoiita ile ya marehemu baba. Wewe uligeuza bahasha ya eksirei, ukachora miraba kwa wanaume na miduara kwa wanawake, ukiuliza nani aliugua nini na akiwa na umri gani. Nilipomtaja shangazi aliyefariki kwa saratani ya mji wa mimba, nilidhani natoka nje ya swali. Ukautia wino mduara wake, ukanieleza kwamba katika sindromu ya Lynch, hali ya kurithiwa inayoongeza hatari ya saratani, saratani hiyo na ile ya utumbo mpana huweza kutokana na hitilafu ileile ya jeni, na kwamba kila mtoto wa mwenye hitilafu hiyo ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuirithi. Sisi tulikuwa tumesema ni kurogwa.

Kamera iliyopitishwa ndani ya utumbo mpana ilionyesha vinyama viwili, vikaondolewa kabla havijageuka saratani, na baadaye kipimo cha jeni kikathibitisha shaka yako. (Ile dawa ya kusafishia tumbo, kwa kweli, sijaisamehe.) Sasa mimi hupimwa hivyo kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na wadogo zangu, ambao wote wamevuka miaka 25, nao wameanza, isipokuwa mmoja anayebisha bado.

Bahasha ninayo. Asante sana, dada.