Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wakazi

Ndugu wanachama,

Ulinzi, uzoaji taka, taa za geti na usafi wa ngazi vimekwenda kama kawaida, mmeviona wenyewe. Tangi la maji limeoshwa na paa la kibanda cha mlinzi limebadilishwa. Hesabu za mweka hazina zimebandikwa ubaoni.

Naomba muda zaidi kwa suala la pampu ya bwawa la kuogelea, maana maneno yamekuwa mengi, na mengi yamesemwa ngazini badala ya mkutanoni.

Nilipokabidhiwa uongozi, pampu ilikuwa ikiwaka saa 24 na hakuna aliyeweza kunieleza sababu. Nilipima bwawa mwenyewe kwa futi kamba: mita 12 kwa 6, kina cha wastani mita 1.5, yaani lita 108,000. Pampu yetu, chujio la mchanga likiwa safi, husukuma lita 13,500 kwa saa, hivyo saa 8 zinatosha kuzungusha maji yote mara moja, nasi tukapunguza hadi saa 8 kwa siku. Inakula uniti moja na nusu kwa saa: uniti 36 kwa saa 24, uniti 12 kwa saa 8. Kwa bei ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya shilingi 356 hivi kwa uniti, tunaokoa zaidi ya 230,000 kila mwezi, hata tukihesabu saa za ziada za Jumamosi na Jumapili. Hizo ndizo zilizolipia lile paa.

Wapo wanaodai maji yaligeuka kijani wakati wa masika kwa sababu kamati ilibana umeme. Sikubaliani nao. Pampu haiui mwani, ambao ndio unaoleta ukijani. Klorini ndiyo inayoua, pampu inaisambaza tu. Mvua zilijaza majani na udongo, pH (kipimo cha asidi ya maji) ikapanda juu ya 8 ambapo klorini hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, na ya kuongeza haikuwepo kwa kuwa ada hazikulipwa. Fedha zilipopatikana tulishusha pH hadi 7.4, tukaweka dozi kubwa ya klorini, na mimi ndiye niliyeagiza pampu iwake usiku na mchana hadi maji yatakate.

Mwanachama mmoja alitoa hoja nzito: maji yaliyochujwa huchanganyika na yasiyochujwa, kwa hiyo mzunguko mmoja huchuja takribani asilimia 63 tu. Ni kweli, ndiyo maana Jumamosi na Jumapili, watoto na wageni wakijaa, tunawasha kwa muda wa saa 12. Wanaotaka iwake kwa muda wa saa 4 tu ili ada ishuke wakumbuke joto la Dar es Salaam. Maji ya vuguvugu ndiyo mwani unayapenda. Na wanaotaka iwake usiku, LUKU yetu haina bei nafuu ya usiku. Bwawa huchafuka mchana, watu wanapoogelea. Siku za kawaida tunawasha saa 4 asubuhi, klorini inawekwa saa 11 jioni jua likipoa, pampu inazimwa saa 12.

Uamuzi huu wa saa 8 ulipitishwa na kaya 9 kati ya 40, kwa kuwa ndizo zilizohudhuria. Mkutano uliofuata ulivunjika kwa kukosa akidi. Kaya 14 zinadaiwa jumla ya shilingi 3,360,000, na inaniuma kwamba baadhi yao ndio wa kwanza kulalamikia rangi ya maji.

Mungu akijalia na madeni yakilipwa, tunatarajia siku zijazo kununua pampu inayobadilishwa mwendo, ambayo ikienda nusu ya kasi hula takribani sehemu moja ya nane ya umeme kwa saa. Kamati inaendelea kuulizia bei.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti